Cheza kistaarabu ni kucheza vipi? Meza ya blackjack ina majibu kwa wabeti wa Kihesa

KIHESA ikifika Jumamosi saa kumi jioni, sokoni bado watu wananunua nyanya na viazi, daladala zinapakia kwenda mjini na bodaboda wamejipanga wakisubiri abiria. Ukisogea kwenye vibanda umiza, stori ni moja tu: mikeka. Huyu kaweka mechi nne, yule kaweka kumi na mbili, mwingine anazunguka akiuliza kama Arsenal anashinda au anatoa sare.

Matangazo ya kubeti, yawe ya redioni au ya kwenye simu, huishia na maneno mawili yanayosemwa harakaharaka: cheza kistaarabu. Kila mtu anayajua, kama anavyojua kwamba umri unaoruhusiwa ni kuanzia miaka 18. Sasa muulize mdau yeyote pale kijiweni, huko kucheza kistaarabu ni kucheza vipi? Wengi watakucheka, kisha watakaa kimya.

Cha kushangaza, ustaarabu wa michezo mingine Wanyalukolo wanaujua vizuri sana. Kwenye kibanda umiza hupiti mbele ya televisheni wakati penalti inapigwa. Kwenye pool unaweka foleni, anayeshinda anabaki mezani na aliyefungwa anaachia fimbo bila maneno mengi. Kwenye drafti mtazamaji hagusi kete, ingawa mdomo wake haufungi. Kwenye lastikadi, ukibaki na karata moja bila kutangaza, adhabu yako unaijua. Hakuna aliyeziandika adabu hizi popote, lakini ukizivunja kijiwe kizima kinakugeukia.

Kwenye hela ya kubeti ndipo utaratibu unapotoweka. Mtu anaweka ada ya mtoto na hakuna anayemwambia kitu. Anamtukana kipa aliyefungwa dakika ya 90 na wenzake wanamuunga mkono. Anamtuma dogo wa darasa la sita apeleke hela kwenye mashine, na dogo anakwenda.

Upo mchezo mmoja wa kamari ambao adabu zake zimenyooka kuliko yote, nao ni blackjack, ule ambao wengine huuita ishirini na moja. Meza zake ziko kwenye kasino za miji mikubwa kama Dar es Salaam, karibu kilometa 500 kutoka hapa Iringa, lakini siku hizi umeshaingia hadi kwenye simu za mkononi. Anayetaka kuujua ustaarabu wa kamari unafananaje, mahali pazuri pa kuanzia ni pale mezani.

Tuseme wazi mapema. Kwa Muislamu kamari ni haramu, na makanisa mengi huikemea. Anayekaa nje ya meza hajapungukiwa na kitu. Makala haya hayamwiti mtu kwenda kucheza. Yanamhusu yule ambaye tayari anacheza.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Blackjack huchezwa kwa karata za kawaida, pakti moja au kadhaa zilizochanganywa pamoja. Kwenye kasino nyingi ni pakti sita au nane. Karata ya 2 mpaka ya 10 huhesabiwa kwa namba yake. Jeki, malkia na mfalme, kila moja ni 10. Ree, ambayo vijana huiita esi, inaweza kuwa 1 au 11, kutegemea inavyokufaa.

Kila mchezaji anapewa karata mbili. Dila, yaani mfanyakazi wa kasino anayegawa, anajipa za kwake, moja ikiwa wazi. Lengo ni kukaribia 21 kuliko dila bila kuipita. Ukiipita umeungua, hela imekwenda, hata kama baadaye dila naye ataungua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mezani mnaweza kuwa wachezaji saba, lakini hamshindani nyinyi kwa nyinyi. Kila mmoja anapambana na dila peke yake. Dila naye hana ujanja wowote: akiwa na 16 kushuka chini lazima achukue karata, akifika 17 anasimama. Kasino hutofautiana kidogo pale ree inapohesabiwa 11 ndani ya hiyo 17, lakini dila hachagui. Sheria ya meza ndiyo inayomchagulia.

HELA MEZANI, SIYO MKONONI

Adabu ya kwanza inaanza kabla hujagawiwa karata. Ukifika mezani na hela yako, humpi dila mkononi. Unaiweka juu ya meza. Yeye anaitandaza noti kwa noti, anaihesabu mbele ya watu na mbele ya kamera iliyo juu, kisha anakusogezea chipu za thamani ileile. Hizi ni chipu za kamari, siyo zile za chipsi mayai.

Mgeni anaweza kudhani ni madaha. Hapana. Dila haruhusiwi kupokea kitu mkononi kwa sababu mkono unaficha. Hela ikiwa mezani, kila mtu anajua iliingia kiasi gani. Mkikosana baadaye, hakuna wa kusema nilikupa laki, na mwingine kujibu ilikuwa elfu themanini.

Linganisha na jinsi tunavyobeti kwa kutumana. Mtu anampa mshkaji elfu tano amwekee mkeka kwenye akaunti yake, kwa mdomo tu. Mkeka ukichanika, kimya. Mkeka ukitiki, ndipo ugomvi unaanza: nilikwambia uweke Yanga, wewe ukaweka sare, hela haikuingia, mtandao ulisumbua, tulikubaliana nusu kwa nusu. Ni urafiki wa miaka kuvunjika kwa sababu ya elfu tano iliyopita mkononi badala ya mezani.

Kabla ya kukaa, mchezaji mstaarabu husoma pia kibao cha meza. Kinaeleza kiwango cha chini cha kuweka na malipo ya blackjack, yaani ukipata ree pamoja na karata yenye thamani ya 10 kwenye karata zako mbili za mwanzo. Meza nzuri hulipa tatu kwa mbili: ukiweka 10,000 unapata faida ya 15,000. Nyingine hulipa sita kwa tano, na kwa 10,000 ileile faida yako ni 12,000. Tofauti hiyo iko wazi kwenye kibao, na asiyesoma hana wa kumlaumu.

KIDOLE NDICHO KINACHOONGEA

Mezani mdomo hautoshi. Ukitaka karata nyingine, unagonga meza kwa kidole mbele ya karata zako. Ukitaka kusimama, unapitisha kiganja juu yake kama unayefuta vumbi. Ukitaka kuongeza dau mara mbili, unaweka chipu nyingine pembeni ya zile za kwanza, siyo juu yake. Ukiwa na karata mbili za thamani moja na unataka kuzitenganisha ziwe mikono miwili, unaweka dau la pili na kuonyesha vidole viwili.

Sababu ni ileile. Kamera haimsikii mtu kwenye kelele za ukumbini, lakini inaona kidole. Mchezaji aliyeungua hawezi kugeuka na kusema sikuomba karata. Na dila akikosea, kidole hichohicho ndicho kinachomtetea mchezaji. Msimamizi anaitwa, picha inaangaliwa, haki inapatikana.

Kwenye mpira tunalijua hili. Mwamuzi haangaliwi mdomo, anaangaliwa mkono. Mkono ukiwa juu ni faulo isiyo ya moja kwa moja, na uwanja mzima unaelewa, hata aliyekaa mbali kwenye jukwaa la Samora.

UKISHAWEKA, MKONO CHINI

Karata zikianza kugawiwa, dau lako haliguswi tena. Huongezi baada ya kuona karata nzuri, huipunguzi baada ya kuona mbaya. Kwenye meza ambazo karata hugawiwa zikiwa wazi, hata karata zenyewe hugusi. Dila ndiye anayezishika zote.

Hili ndilo kosa linaloweza kukutoa mezani haraka kuliko yote, kwa sababu kuongeza chipu baada ya matokeo ni wizi, na kasino haisubiri kujua kama ulifanya kwa makusudi au kwa ugeni. Mikono inakaa mbali na duara la dau mpaka mzunguko uishe.

Simu nayo inawekwa mfukoni. Glasi ya kinywaji inakaa pembeni, haikai juu ya kitambaa cha meza. Ukimkuta dila katikati ya kugawa, unasubiri mzunguko uishe ndipo uweke dau, na baadhi ya meza hairuhusiwi kuingia mpaka karata zichanganywe upya. Ni adabu ileile ya daladala: unasubiri isimame kwanza, ndipo unapanda.

JIRANI HAJACHANA MKEKA WAKO

Sasa tufike kwenye ugomvi mkubwa wa meza ya blackjack, ambao mbeti wa Kihesa ataujua mara moja.

Mchezaji wa mwisho, aliyekaa karibu na zamu ya dila, ana 16. Anaomba karata, inakuja mfalme, anaungua. Dila anafunua, anachukua karata inayofuata, anapata 21 na kuwafunga wote. Meza nzima inamgeukia yule wa mwisho: ungesimama, mfalme angemuunguza dila, wewe umetuharibia!

Hesabu inasema siyo kweli. Yule mtu hakujua karata inayofuata ni ipi, na wanaomlaumu nao hawakujua. Karata aliyoichukua ingeweza kumuunguza dila au kumwokoa. Ukicheza mikono maelfu, uamuzi wa jirani hauongezi wala haupunguzi nafasi yako. Watu hukumbuka siku alipoharibu na kusahau siku alipookoa.

Ndiyo maana adabu inasema usimfundishe mtu asiyekuomba ushauri, na usimlaumu kwa karata zake. Hela ni yake, uamuzi ni wake.

Njia bora ya kucheza ipo, na ina historia. Mwaka 1956 askari wanne wa Jeshi la Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha hesabu za namna ya kucheza kila mkono. Mwaka 1962 profesa wa hisabati Edward Thorp akatoa kitabu kilichoonyesha kuwa anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza kuipata kasino. Tangu hapo jedwali la kucheza linajulikana dunia nzima. Ukiwa na 16, kwa mfano, ni karata za aina tano tu kati ya 13 ambazo hazikuunguzi, yaani ree mpaka 5. Nafasi ya kuungua ni zaidi ya 61 kwa 100.

Hata ukilifuata jedwali lote, kasino inabaki mbele kwa takriban nusu shilingi kwa kila 100 unazoweka, kama kanuni za meza ni nzuri. Anayecheza kwa hisia hupoteza zaidi ya hapo. Meza haitoi ahadi ya utajiri kwa mtu yeyote.

Rudi sasa kwenye mikeka. Mechi tisa zimetiki, ya kumi imekataa kwa penalti ya dakika za nyongeza. Mbeti anafungua simu na kwenda kumtukana beki aliyeshika mpira. Kwenye tenisi, mashirika ya WTA na ITF yalitoa ripoti mwaka 2025 iliyoonyesha kuwa takriban asilimia 40 ya matusi wanayotumiwa wachezaji mtandaoni yalitoka kwa wabeti wenye hasira. Kwenye mpira, fungua kurasa za wachezaji baada ya matokeo ya kushangaza ujionee mwenyewe.

Beki hakuchana mkeka wa mtu. Tuseme kila timu uliyochagua ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda, yaani ni timu za uhakika kweli kweli. Zote kumi kushinda kwa pamoja ni nafasi isiyofika 3 kwa 100. Mkeka ulikuwa umeshachanika kwenye hesabu kabla refa hajapuliza filimbi ya kwanza.

DILA NAYE YUPO KAZINI

Adabu nyingine inahusu namna ya kumtendea anayegawa. Dila hachukui hela yako nyumbani kwake. Ameajiriwa, ana zamu, anasimama kwa saa nyingi na haruhusiwi kukujibu ukimtukana. Ukishinda vizuri unaweza kumwachia kidogo, kama hela ya soda, lakini siyo lazima. Ukipoteza, humrushii karata wala hugongi meza.

Hapa mtaani dila wetu ni yule dada au kaka anayekaa nyuma ya nondo kwenye duka la kubeti. Anatukanwa mfumo ukisumbua, anatukanwa malipo yakichelewa, anatukanwa hata timu ikifungwa. Akimwambia kijana kwamba umri wake hautoshi, anatukanwa tena, wakati anatekeleza sheria. Michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria iliyoanza mwaka 2003, na kumruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza ni kosa. Malalamiko ya haki kuhusu malipo yanapelekwa kwa kampuni, na ikishindikana, kwenye Bodi. Hayamalizwi kwa kupiga ngumi kwenye nondo.

Mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu, hazina hata huyo wa nyuma ya nondo. Hazimuulizi mtu umri wala hazimwambii inatosha. Ndiyo sababu mtu mzima anayeiona mashine karibu na njia ya watoto wa shule na kunyamaza, naye amekosa adabu ya mchezo.

KWENYE SIMU HAKUNA MEZA

Kasino za mtandaoni sasa zinarusha video ya dila halisi akigawa karata, na mchezaji anacheza akiwa kitandani Kihesa Kilolo au kwenye kochi Mbeya. Karata ni zilezile na kanuni ni zilezile. Kilichobaki nyuma ni meza.

Mezani kuna kusubiri. Dila anachanganya karata, mchezaji wa kwanza anafikiri, wa pili anauliza, mtu anakwenda kubadilisha chipu. Tuseme mnacheza mikono 60 kwa saa kwa dau la 5,000. Umepitisha 300,000 mezani. Kwa anayecheza vizuri, wastani wa hasara ni kama 1,500 kwa saa. Anayecheza vibaya na kupoteza shilingi 2 kwa kila 100, ni 6,000. Kwenye mchezo wa kompyuta unaobonyeza peke yako, mikono 60 inakwisha ndani ya dakika chache, na saa moja inaweza kubeba mara kadhaa ya hiyo hasara.

Mezani kuna macho pia. Watu wanaona ukitoa noti ya tatu mfukoni, ya nne, ya tano. Aibu kidogo inakusaidia kusimama. Kwenye simu hakuna noti, kuna namba ya siri tu, na usiku wa manane hakuna wa kukuangalia. Mtu anaweza kulala na mtaji na kuamka bila hata nauli, na mkewe akajua wiki mbili baadaye.

Ndiyo maana adabu ambazo kasino inazilazimisha mezani, mtu wa simu lazima ajiwekee mwenyewe. Hakuna msimamizi atakayekuja kumgusa bega.

HESABU YA BOSI NA BOOM LA CHUO

Kihesa ni mtaa wa wanafunzi na watafutaji. Vyuo vikuu haviko mbali, na hela ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu, lile boom, ikiingia mtaa unachangamka. Bodaboda naye kila siku ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki. Mama wa sokoni ana mtaji wa kwenda kuchukua mzigo kesho alfajiri. Kikoba kina mweka hazina.

Hela zote hizi zinafanana kwa jambo moja. Ziko mfukoni mwa mtu, lakini tayari zina mwenyewe. Boom lina chumba na chakula cha miezi ijayo. Hesabu ina bosi. Mtaji una watoto.

Mchezaji wa kasino anayejiheshimu huingia na kiasi alichokitenga, na kadi ya benki huiacha nyumbani. Kikiisha, anainuka, anaaga meza na kuondoka. Hamkopi jirani. Kumwomba mtu unayecheza naye meza moja akukopeshe ni aibu inayowafanya wote wakwepe macho yako.

Mtaani tumeigeuza. Nikopeshe buku mbili nimalizie mkeka, limekuwa ombi la kawaida kama la kuomba kiberiti. Anayepoteza anasema leo lazima niirudishe, na hapo ndipo elfu mbili inapogeuka elfu ishirini. Hakuna mkono wa blackjack unaojua kwamba uliopita ulipoteza, na hakuna timu inayoingia uwanjani ikikumbuka deni lako.

Wapo pia wanaouza mechi za uhakika kwenye makundi ya mtandaoni. Jiulize swali moja tu: mwenye uhakika wa matokeo anahitaji elfu kumi yako ya nini?

WACHEZAJI NAO WAMO

Ukurasa huu ni wa mpira, kwa hiyo tuzungumze na wanaouvaa. Kanuni za FIFA zinawakataza wachezaji, makocha, waamuzi na viongozi kubeti kwenye mpira. Kwao hakuna cha kistaarabu, ni marufuku.

Mwaka 2020 Kieran Trippier alifungiwa wiki 10 kwa sababu ya taarifa za uhamisho wake kwenda Atletico Madrid zilizotumiwa na watu kubeti. Mei 2023 Ivan Toney akafungiwa miezi minane baada ya kukiri makosa 232. Oktoba mwaka huohuo Sandro Tonali, aliyekuwa ametua Newcastle miezi mitatu tu nyuma, akafungiwa miezi 10, na juu yake akapangiwa matibabu ya uraibu na kwenda kuzungumza na vijana. Hawa ni watu wenye mishahara ya mabilioni. Tatizo halikuwa njaa.

Kijana anayecheza ligi ya wilaya au anayeota kurudisha heshima ya Lipuli asidhani hayo ni ya Ulaya. Wanapaluhengo walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 pale Ilulu, Lindi, na kufungwa 1-0 na Azam. Waliolia siku ile walilia kwa sababu waliamini kila mchezaji alikuwa anaucheza mpira. Siku shabiki akianza kuwaza kwamba kipa ana mkeka mfukoni, hakuna atakayelipa kiingilio.

Na kwa shabiki, kubeti timu ya moyoni kuna mtego wake. Jezi za Simba na Yanga zimebeba majina ya kampuni za kubeti tangu mwaka 2017, na ni rahisi kuona kuweka hela ni sehemu ya kushangilia. Mapenzi hayasomi odds. Ukiipenda timu, nunua tiketi.

ADABU ZA MKEKA

Ukizichukua adabu za meza ya blackjack na kuzishusha hadi kijiweni, zinaingia bila kulazimishwa.

Hela ya kubeti ihesabiwe kabla, itengwe, na mtu mmoja wa karibu aijue. Mkeka wa kushirikiana uandikwe ujumbe kabla ya mechi: nani kaweka kiasi gani na mgao ni upi. Hela yenye mwenyewe isiguswe. Mtoto asitumwe dukani wala kwenye mashine, hata kwa dakika moja. Aliyeliwa asichekwe, kwa sababu kicheko ndicho kinachomrudisha kuweka tena. Aliyekula asilazimishwe kununulia kijiwe kizima ulanzi. Mshkaji asikopeshwe hela ya kubeti, akopeshwe ya kula. Mchezaji na mwamuzi wasitukanwe.

Na kama mtu ameshindwa kusimama, anaficha simu, anauza vitu vya ndani, hiyo siyo tabia mbaya tu. Tonali alipelekwa kutibiwa, na hakuna aliyeona ni kioja. Mshkaji wako naye anahitaji mtu wa kumketisha, kumsikiliza na kumsindikiza akapate msaada hospitali, siyo wa kumpa mkeka mwingine wa kurudisha.

Kasino zina kamera, msimamizi na mlinzi wa kulinda adabu zake. Kihesa ina watu wanaojuana kwa majina, wanaosalimiana kamwene asubuhi na jioni. Hiyo inatosha kabisa kumwambia jirani inatosha, kabla hajaitoa noti ya tano.

Mechi ya leo usiku itachezwa hata kama hukuweka kitu.